Matumbawe mapya na wadudu wake: mwongozo kamili wa josho, ukaguzi na karantini

Dawa zote za kuogeshea matumbawe yanayofugwa kwenye tangi la maji ya chumvi zina udhaifu mmoja: zinamuua au kumlegeza mdudu aliyekwisha kuanguliwa, lakini yai linabaki. Mtu ananunua kipande cha Acropora, tumbawe la mawe lenye matawi, anakiogesha dakika kumi, anaona minyoo wanadondoka, anafurahi na kukipandikiza tangini jioni hiyohiyo. Mayai yaliyogandia chini ya kipande yanaanguliwa wiki mbili baadaye, na sasa minyoo hawana kipande kimoja cha kula. Wana tangi zima. Ni kama josho la ng'ombe: mnyama hapelekwi mara moja akasahauliwa, maana kupe wengine bado ni mayai kwenye nyasi.

Kwa hiyo hesabu josho kuwa siku ya kwanza ya kazi ya wiki sita au zaidi. Dawa inafanya sehemu ndogo ya kazi hiyo. Sehemu kubwa inafanywa na macho yako, kisu chako na uvumilivu wako.

Kabla ya kununua

Usinunue kipande kwa kukitazama chini ya taa ya buluu. Mwanga wa buluu hufanya rangi zing'ae na kuficha alama za kuumwa, na wauzaji wengi hupiga picha zao hivyo. Omba picha ya mwanga mweupe, na omba kuona upande wa chini. Muulize muuzaji kipande kimekaa kwake muda gani, kimeogeshwa mara ngapi na kwa dawa gani. Jibu la "kimeogeshwa kilipofika" linakuambia kwamba mayai hayajashughulikiwa.

Tazama pia tangi la muuzaji lote. Ukiona anemoni (wanyama wa baharini wanaofanana na maua) ndogo za kahawia zimeota pembeni, au Acropora zenye vidoa vidogo vya mviringo vilivyopauka, ondoka hata kama kipande unachokitaka kinaonekana kizima.

Wengine huamini kwamba tumbawe lililokuzwa tangini ni salama kuliko lililotoka baharini. Kwa upande wa mazingira ni bora zaidi, na matumbawe yote ya mawe yamo katika Kiambatisho cha II cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kwa hiyo biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Kwa upande wa wadudu, hapana. Mnyoo bapa anayekula Acropora alielezwa kisayansi mwaka 2011 kutokana na matangi ya wafugaji, na ripoti ya kwanza ya kumwona baharini, kwenye Great Barrier Reef ya Australia, ilitoka mwaka uliofuata. Vipande hupita mkono kwa mkono, na wadudu hupita navyo.

Wewe uliyeko Mombasa, Tanga, Mafia au Unguja, ambaye mwamba uko karibu: usivunje tumbawe ukalipeleka nyumbani. Ndani ya hifadhi kama Kisite-Mpunguti na Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ni marufuku, na hata nje ya hifadhi mwamba wetu umekwisha kuumizwa vya kutosha na joto na baruti.

Usalama wako kwanza

Zoanthidi na Palythoa, yale matumbawe laini yanayofanana na vifungo vya rangi, baadhi yao yana palitoksini, mojawapo ya sumu kali zinazojulikana duniani. Ilitengwa kwa mara ya kwanza mwaka 1971 kutoka Palythoa wa Hawaii. Inaingia mwilini kupitia jeraha, macho au mvuke. Vaa glovu zisizopitisha maji na miwani ya kinga kila unapokata, kusugua au kuogesha. Usiwasugue nje ya maji kwa mswaki unaorusha matone. Na kamwe, kamwe usichemshe jiwe lililotoka kwenye tangi la maji ya chumvi ili "kuua wadudu". Familia nzima zimelazwa hospitalini kwa sababu ya mvuke wa namna hiyo.

Vifaa

Andaa kila kitu kabla kipande hakijafika, kwa sababu tumbawe lililosafiri halitaki kungoja ukitafuta koleo. Unahitaji mabeseni matatu meupe ya plastiki yasiyowahi kuguswa na sabuni, tochi kali ya mwanga mweupe, lenzi ya kukuzia, koleo ndogo ya ncha nyembamba, mswaki laini, vijiti vya meno, kisu kikali au mkasi wa kukatia matawi ya tumbawe, bomba kubwa la sindano, bila sindano yenyewe, pampu ndogo ya kusukuma maji, supagluu ya jeli, na vitako vipya vya kauri vya kubandikia vipande. Beseni jeupe lina sababu yake: mnyoo anayeonekana kama kamasi juu ya tumbawe huonekana wazi akidondokea sehemu nyeupe.

Jambo kubwa zaidi ni tangi la karantini. Nitalirudia hapo chini, lakini liwe tayari na maji yaliyotulia kabla hujalipa pesa ya tumbawe.

Hatua ya kwanza: kupokea na kukagua

Acha mfuko uelee juu ya maji ya karantini kwa dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Usianze kudondoshea maji kwa saa nzima kama wafanyavyo kwa samaki. Maji ya mfukoni yakishafunguliwa baada ya safari ndefu huanza kubadilika haraka, na amonia iliyokusanyika humo huwa kali zaidi. Pima kiwango cha chumvi. Ikiwa tofauti na cha kwako (kawaida gramu 35 kwa lita moja ya maji) ni ndogo, hamisha moja kwa moja.

Kabla ya dawa, kagua. Hatua hii watu wengi huiruka, nami naona ndiyo yenye faida kuliko dawa yenyewe. Shika kitako, elekeza tochi kutoka pembeni, si kutoka juu, na zungusha kipande taratibu. Angalia makutano ya nyama hai na kiunzi kilichokufa. Angalia chini ya kitako. Angalia nyufa za gundi ya zamani. Ukiona kaa, mtoe sasa kwa koleo. Kaa laini, anayeng'aa, anayekaa katikati ya matawi ya Acropora au Pocillopora huenda ni Trapezia, na huyo ni rafiki: hulilinda tumbawe lake hata dhidi ya kiti cha pweza mwenye miiba mikali anayelimaliza mwambani. Mtenge kwenye chombo cha pembeni, dawa isimuue. Kaa mwenye manyoya na kucha zenye ncha nyeusi usimrudishe.

Hatua ya pili: tupa kitako

Mayai mengi, anemoni nyingi, mwani mwingi na konokono wa mirija huwa kwenye kitako, si kwenye tumbawe lenyewe. Ng'oa kipande, au kikate juu kidogo ya gundi, na uache sehemu yote ya kiunzi kilichokufa. Kwa Acropora na Montipora ni vizuri kupoteza nusu sentimita ya tumbawe hai kuliko kubaki na msingi wenye mayai. Kwa matumbawe ya polipu (vinywa hai vya tumbawe) kubwa kama Euphyllia, kata kiunzi tu na uwe mbali na nyama. Kitako cha zamani kikaushe juani hadi kiwe kikavu kabisa, kisha kitupe.

Zoanthidi ni wagumu kidogo, maana mkeka wao umeshikamana na kitako. Wabandue taratibu kwa kisu, ndani ya maji, ukiwa na glovu na miwani.

Hatua ya tatu: josho

Beseni la kwanza lina maji ya tangi na dawa. La pili na la tatu yana maji safi ya tangi kwa kusuuza. Joto la yote liwe sawa.

Kuhusu dawa, kila moja ina kazi yake, na kuzichanganya ni kosa la kawaida. Dawa za mafuta ya mimea, kama Coral RX na ReVive, huwalegeza minyoo bapa, makoa wa bahari na wadudu wengine wadogo hadi wakaachia. Hizo ndizo ningemshauri anayeanza. Iodini, pamoja na ile ya Lugol, husaidia majeraha na maambukizi baada ya kukata. Usiitegemee iondoe minyoo. Fuata kipimo cha chupa yako, kwa sababu nguvu hutofautiana kati ya toleo na toleo.

Wafugaji wengi wa Marekani wamezoea kiuatilifu cha bustani cha Bayer chenye imidaklopridi na beta-saiflutrini. Kinafanya kazi. Hata hivyo sikipendekezi. Dawa za jina hilohilo huwa na viambato tofauti nchi na nchi. Kiasi kidogo sana kilichobaki kwenye tumbawe kinatosha kuua kamba na kaa wako wote. Na wewe mwenyewe unatumbukiza mikono humo, mara nyingi mezani mwa jikoni.

Tumbukiza kipande, washa pampu ndogo, na kwa muda ulioandikwa (kwa kawaida dakika 5 hadi 15) kipulizie maji kwa bomba kila dakika moja, hasa chini na katikati ya matawi. Mdudu aliyelegea bado anaweza kuwa amenasa kwenye ute. Mpulizo ndio unaomwondoa. Euphyllia na wengine wenye nyama laini wape muda mfupi na mpulizo wa upole, maana nyama iliyochanika hukaribisha ugonjwa wa jeli ya kahawia, ambao unaweza kumaliza kichwa kizima kwa siku moja au mbili.

Kisha tazama chini ya beseni kwa tochi. Usimwage kabla hujaona. Kilichodondoka ndicho kinachokuambia karantini yako itakuwa ya namna gani.

Suuza kwenye beseni la pili, pulizia tena, suuza kwenye la tatu. Rudi kwenye lenzi. Hapo ndipo unapotafuta mayai, na ukiyaona yakwangue kwa kijiti cha meno au kisu, au ukate kabisa sehemu hiyo. Bandika kipande kwenye kitako kipya na supagluu ya jeli, ukifunika kiunzi chote kilicho wazi. Gundi hiyo pia hufunika yai lolote ulilolikosa.

Nani hasa unamtafuta

*Mnyoo bapa wa Acropora.* Jina lake la kisayansi leo ni Prosthiostomum acroporae. Ni wa umbo la yai, mwembamba, na karibu haonekani, kwa sababu mwani mdogo anaoula pamoja na nyama ya tumbawe humpa rangi ya tumbawe lenyewe. Hukaa upande wa kivuli. Usimtafute yeye, tafuta alama zake, vidoa vya mviringo vilivyopauka, kama milimita moja, vilivyotapakaa kuanzia chini kwenda juu. Tumbawe hupoteza mng'ao na polipu hazifunguki vizuri. Mayai ni mafungu ya rangi ya dhahabu au kahawia yaliyopangwa kwenye kiunzi kilicho wazi, jirani kabisa na nyama hai.

Katika maji ya nyuzi 27 mayai huanguliwa ndani ya wiki mbili hivi. Maji yakiwa ya baridi huchukua muda mrefu zaidi. Mnyoo mchanga naye huhitaji wiki kadhaa kabla ya kutaga. Hesabu hiyo ndiyo inayokupa ratiba: ukiogesha kila siku 7, kila kizazi kinachoanguliwa kinakutana na dawa kabla hakijaweza kutaga. Ukiruka wiki mbili, mlolongo unaanza upya. Endelea kwa wiki sita angalau, na uhesabu wiki hizo tangu siku ya mwisho uliyoona mnyoo au yai, si tangu siku ya kununua.

*Koa wa Montipora.* Ni mweupe, wa milimita chache, ana vinyweleo vya nyama mgongoni, na hujificha chini ya bamba la Montipora au kwenye mpaka wa nyama hai na kiunzi kilichokufa. Dalili ni ukingo mweupe unaosogea. Watoto wake hawaelei majini. Wanapoanguliwa wanatambaa papo hapo, ndiyo maana tumbawe moja linaweza kuliwa hadi kwisha kabla la jirani halijaguswa. Hilo linakupa nafasi: ukiligundua mapema, toa Montipora zote uziogeshe kila wiki, na usiache kipande hata kimoja kilichobandikwa kwenye jiwe, maana hicho ndicho kitakachowalea.

*Vidudu vyekundu.* Tegastes acroporanus ni kopepodi, kiduduchu wa jamii ya kamba, wa takriban nusu milimita, wa manjano mwenye doa jekundu, anayekaa juu ya Acropora yenye ngozi laini. Kwa macho matupu unaona vumbi la rangi ya manjano lisilosogea na maji. Lenzi inahitajika. Josho peke yake mara nyingi halitoshi. Dawa inayojulikana kuwamaliza ni milbemaisini oksimu, ambayo ni dawa ya mbwa inayotolewa na daktari wa mifugo. Huua pia kamba na kaa, kwa hiyo itumike ndani ya karantini tu, chini ya ushauri wa daktari huyo.

*Wala zoanthidi.* Makoa wao hubeba rangi ya polipu wanazokula, na ukitazama haraka unadhani ni polipu iliyofungwa. Mayai yao ni kamba ya jeli iliyojiviringisha. Konokono wa jua, mwenye duara la madoa meusi na meupe, hutoka usiku. Mtafute kwa tochi saa mbili baada ya taa kuzimwa. Polipu zilizojifunga siku nyingi bila sababu ni ishara ya mmoja wao.

*Aiptasia.* Hii anemoni ya kahawia, mrefu wa shina na mwenye mikono myembamba, haili tumbawe, bali hulichoma na kulisukuma. Usiikate wala kuikwangua ikiwa kwenye jiwe utakalolibakiza, kwa sababu kila kipande cha mguu kilichobaki kinaweza kuota kuwa anemoni mpya. Kwenye kipande kipya suluhisho ni lile la hatua ya pili: kata sehemu yote yenye anemoni, itupe. Ikiwa imekwisha kuingia tangi kubwa, koa anayeitwa Berghia hula Aiptasia peke yake na hana madhara kwa kingine chochote.

Wengine kwa kifupi. Konokono wa mirija: vunja mrija na uzibe tundu kwa gundi. Mwani wa viputo: ng'oa kiputo kizima bila kukipasua. Minyoo midogo ya rangi ya kutu inayotanda juu ya matumbawe: inyonye kwa bomba nyingi uwezavyo kabla ya dawa yoyote, maana wakifa kwa pamoja hutoa sumu majini, na uwe na kaboni hai ya kuchujia maji tayari. Minyoo wa manyoya, nyota wa bahari dhaifu wenye mikono myembamba na kopepodi weupe wanaorukaruka kwenye kioo waache; karibu wote ni wasafishaji.

Tangi la karantini

Lita 40 hadi 80 zinatosha. Lisiwe na mchanga wala mawe, ili kila kinachodondoka kionekane. Weka hita, pampu ya mzunguko, kichujio cha sponji kilichokaa wiki kadhaa kwenye tangi lako kubwa hadi kikapata bakteria, taa inayofaa tumbawe, na wavu wa plastiki wa kusimamishia vitako. Lijaze kwa maji unayotoa tangi kubwa kila unapobadilisha maji. Hivyo alkalini, kalsiamu na chumvi hubaki zilezile, na siku ya kuhamisha tumbawe halishtuki. Vifaa vya karantini visiguse tangi kubwa: bomba lake, koleo lake, ndoo yake.

Anza na mwanga hafifu, ongeza kwa siku kadhaa. Tumbawe lililokatwa, likaogeshwa na kusafirishwa limechoka, na mwanga mkali huliunguza.

Kila wiki: toa, kagua, ogesha, pulizia, tafuta mayai, rudisha. Safisha sakafu ya tangi kwa kunyonya siku hiyohiyo. Usiku mmoja katikati ya wiki, pitisha tochi. Tumbawe jipya likiingia humo kabla ya la zamani kumaliza muda wake, siku zote zinaanza kuhesabiwa upya kwa yote mawili. Sheria hii inauma, hasa ukikuta kipande kizuri dukani, lakini karantini isiyoifuata haina faida.

Karantini hii pia inawakinga samaki. Kimelea wa madoa meupe, Cryptocaryon irritans, anaweza kufika akiwa kifuko kigumu kilichogandia kwenye kiunzi au kitako, na josho halimuui. Hana la kufanya bila samaki, kwa hiyo wafugaji wengi huyaacha matumbawe kwenye maji yasiyo na samaki kwa siku 76. Ukiwa na samaki wa thamani, chukua muda huo badala ya wiki sita.

Ikiwa wamekwisha kuingia

Toa matumbawe yote ya aina inayoliwa, si yale yenye alama peke yake, na uyaogeshe kila wiki kwenye karantini. Mnyoo wa Acropora bila Acropora hufa njaa, na koa wa Montipora bila Montipora vilevile. Vipande vilivyoota juu ya jiwe kubwa vikwangue hadi kiunzi. Samaki kama Pseudocheilinus hexataenia wa mistari sita, ambaye ni mwenyeji wa miamba yetu ya Afrika Mashariki, na Halichoeres wa aina mbalimbali, hudonoa minyoo mchana kutwa na kupunguza idadi yao. Watakusaidia kuwaweka chini, lakini mayai hawayamalizi.

Maji machafu

Maji ya josho na ya karantini yasimwagwe baharini, mtoni, wala kwenye mtaro wa mvua unaoelekea ufukweni, hata kidogo. Ndani yake mna dawa, na huenda mna wanyama na mwani kutoka Pasifiki ambao mwamba wa Shimoni au Chumbe haujawahi kukutana nao. Mwaga maji ya josho chooni. Maji ya karantini yasiyo na dawa tia klorini ya kufulia, yaache usiku kucha, kisha yamwage chooni vilevile. Mabeseni, mswaki na koleo vioshe kwa maji matamu ya moto na uvianike juani hadi vikauke kabisa kabla ya kipande kinachofuata.